Njia Ilikuwa Kavu

Mvua ikikaribia Kitengela, wenye ploti za kupangisha hufurahi kuliko wakulima. Mkulima anangoja mahindi, mwenye ploti anangoja maji ya kusukuma choo. Lori la kunyonya choo ni ghali, lakini mvua ni ya Mungu na haitozi mtu. Basi wingu likitanda upande wa Ngong, koki za mabomba ya choo zinafunguliwa nyuma ya kuta, ploti baada ya ploti, na uchafu wa wapangaji unateremka kwa jirani ukiwa umechanganyika na baraka. Hakuna anayeuliza. Hata wale wanaoshika pua wanajua kwamba kwao pia kumefunguliwa.

Alhamisi ile, aliyefungua koki ya ploti ya Mzee Mureithi alikuwa Bedan, mtunza ploti. Ilikuwa jengo la ghorofa nne. Bedan na mkewe Nyakio walikaa chumba cha chini karibu na geti, wasilipe kodi, na chumba hicho ndicho kilichokuwa sehemu kubwa ya mshahara wake. Alifagia ngazi, alibadilisha taa, aliwasikiliza wapangaji wakimlalamikia Mureithi kana kwamba yeye ndiye Mureithi. Na mvua ilipokuja, alivaa viatu vya gambuti, akachukua koleo na spana, akazunguka nyuma.

Zamani bomba la ploti hiyo lilimwaga mtaroni. Kisha ikajengwa njia mpya ya matofali ya kabro, ya wanaotembea kwa miguu na wanaoendesha baiskeli, na mafundi wakafunika mtaro. Bomba likabaki pale pale ukutani, linatazama njia. Juu ya kabro palichorwa kwa rangi nyeupe mtu na baiskeli, kupendeza kabisa. Mureithi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wakaaji, ndiye aliyeipigania njia hiyo mpaka ikapatikana, na siku ya kuifungua alishika mkasi wa kukata utepe. Wiki iliyofuata alimwaga kokoto zake juu yake. Wengine nao hawakutaka kuachwa nyuma. Huyu aliegesha gari, yule akaweka jiko la kuchomea mahindi, na waendeshaji wa boda boda wakaigeuza njia ya mkato kila foleni iliposhika. Mtu wa miguu alitembea kwenye lami, na huko nako akapigiwa honi na kuulizwa kama hana akili.

Maweu alikuwa mpangaji wa chini, mlango wa tatu kutoka geti. Alikuwa fundi wa mitambo huko Athi River na kila siku alienda na kurudi kwa baiskeli. Alasiri hiyo alikuja akikanyaga haraka kwenye kabro, kofia ya plastiki kichwani, mvua imempiga usoni. Alipofika karibu na ploti akaona njia yote mbele yake imefunikwa na maji ya rangi ya chai, na ndani ya maji vinaelea vitu ambavyo hakuna mtu anayetaka kuvikanyaga, hata kama vingine ni vyake mwenyewe. Akakata kona ghafla, akaingia lami.

Gideon, kijana wa boda boda, alikuwa kwenye lami, upande wake, mwendo wake wa kawaida. Mara moja katika maisha yake alikuwa anafuata sheria, na siku hiyo ndiyo iliyomponza. Alishika breki, pikipiki ikateleza, ikamvaa Maweu kiunoni. Bedan, aliyekuwa ametoka kusukuma uchafu, alikuwa amesimama hatua chache tu, koleo mkononi. Aliona vyote. Gideon akiwa chini aliinua macho, wakatazamana.

Watu walijaa kabla mvua haijakatika. Hakuna aliyeuliza kilichotokea, maana jibu walikuja nalo: boda boda, njia ya watu, baiskeli imelala. Wakampiga Gideon. Mmoja akavuka barabara kwenda dukani kwa Hilowle kununua kiberiti ili pikipiki ichomwe, na Hilowle, ambaye nyuma yake palikuwa na katoni nzima, akasema viberiti vimeisha. Hilo peke yake ndilo lililookoa pikipiki. Bedan hakwenda kwa Maweu aliyekuwa akilia na mguu umepinda. Kwanza alizunguka nyuma, akafunga koki. Mvua ikaosha kabro, na polisi walipofika kumchukua Gideon njia ilikuwa inang'aa.

Jioni Mureithi alikuja mwenyewe. Nyakio alimpangusia kiti, lakini mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, leso puani, kwa sababu gambuti za Bedan zilikuwa mlangoni na zilikuwa zinanuka. Alikuwa anaziba pua kwa harufu ya bomba lake. Nyakio akamuuliza kama atakunywa chai, akasema amekunywa. Hakutazama hata kikombe.

Akaeleza kwamba amemtembelea Maweu hospitalini. Nyonga imevunjika, lazima apasuliwe, na yeye Mureithi, kama mzee wa kanisa, ameshasema atagharamia kila kitu. Kodi ya Maweu pia ameisimamisha mpaka apone. Nyakio akasema Mungu ambariki, na alimaanisha. Kisha mzee akamgeukia Bedan, aliyekuwa na miaka hamsini na mbili na mvi kidevuni.

"Kijana, kesho utaenda station uandike statement. Wewe uliona pikipiki ikiwa kwa njia ya watu."

Bedan akasema pikipiki haikuwa hapo. Alisema polepole, kama mtu anayemsahihisha mwalimu.

"Hizo pikipiki ziko hapo kila siku, ama haziko?"

"Ziko."

"Basi si uongo. Ni siku tu imebadilika." Mureithi akakunja leso. "Na wacha nikuambie. Tukianza maneno ya maji, county itakuja, itafunga ploti, na hawa watu wote wataenda wapi? Wewe na mama hapa mtaenda wapi? Maweu atalipiwa hospitali na nani?"

Halafu akaomba. Aliomba kwa Kikuyu, macho yamefumbwa, akamkumbuka majeruhi, akamkumbuka daktari, akawakumbuka hata vijana wa boda boda wanaopotea. Nyakio alifumbua macho katikati ya maombi, akamwona mumewe ameinamisha kichwa na kuitikia amina.

Ijumaa Bedan alienda kituoni, akasema alichoambiwa aseme. Gideon akabaki ndani. Ikasemekana Jumanne atapelekwa kortini Kajiado.

Jumamosi asubuhi alikuja Apondi, mama yake Gideon. Pale ploti walimjua vizuri, maana ndiye aliyewafulia nguo akina mama wa ghorofa za juu. Alijua shuka ya nani ina madoa gani. Siku hiyo hakuja na beseni. Alibisha geti, akauliza baba yuko.

Bedan alikuwa ameshamwona kupitia dirishani. Akamwambia Nyakio aseme hayuko, akaingia kwenye choo cha nje, akajifungia. Mlango wa choo hicho ulikuwa umeoza chini na miguu ilionekana hadi vifundoni. Nyakio akasema Bedan ametoka. Apondi akatazama ile miguu muda mrefu, kisha akamtazama Nyakio, na Nyakio akatamani ardhi impasukie.

Apondi alienda akasimama mbele ya choo, akaongea na ubao wa mlango.

"Baba, sikukuja kugombana na wewe. Gideon wangu anasema mliangaliana. Anasema ulikuwa hapo umeshika koleo. Mimi najua hao watoto wa boda boda, hata mimi wamenigonga na huyu wangu ni mmoja wao. Angekuwa na makosa ningekuambia afungwe. Lakini alikuwa kwa lami, na wewe unajua."

Chini ya mlango kidole gumba cha mguu wa kushoto kikajikunja. Apondi akangoja. Mpangaji mmoja akatokea kwenye ngazi na ndoo, akaona mambo, akarudi juu. Mwishowe Apondi akasema kwaheri kwa mlango, akamwambia Nyakio kwamba Jumatatu hatakuja kufua, akaenda zake.

Bedan alikaa mle ndani mpaka geti lilipofungwa. Alipotoka, alikuta mkewe amekaa kwenye jiwe la kufulia, mikono mapajani.

"Nimeolewa na wewe miaka mingi," Nyakio akasema. "Umekosa kazi, nimevumilia. Umefukuzwa Rongai, tumelala kwa dada yangu huko Tuala, nimevumilia. Lakini leo umemwachia mwanamke mzima aongee na choo. Nakusikia kinyaa, Bedan. Sikudanganyi. Hata hiyo shati yako sitaifua."

Bedan alijitetea kwamba wakitoka pale hawana pa kwenda. Ni kweli, na Nyakio alijua ni kweli, na ndiyo maana hasira yake haikupata mahali pa kutua. Akainuka, akajifunga leso kiunoni, akaenda kubisha mlango wa tatu.

Ann, mke wa Maweu, alikuwa anatayarisha uji wa kupeleka hospitalini. Alimkaribisha vizuri, akampa kigoda. Nyakio hakuzunguka. Akamwambia kwamba kijana wa watu amefungwa bure, kwamba Maweu alihepa uchafu uliofunguliwa na Bedan kwa amri ya Mureithi, na kwamba Bedan atausema ukweli kama yeye Ann atasimama naye. Wakisimama wawili, Mureithi hataweza kusema ni mtu mmoja mwenye chuki.

Ann aliendelea kukoroga uji. Uso wake haukushtuka hata kidogo, na hapo Nyakio akaelewa kwamba hakuwa amemwambia jambo jipya.

"Unafikiri sijui?" Ann akasema. "Maweu aliniambia hiyo maji ilikuwa ya choo akiwa bado kwa ambulance. Na nikuambie ingine. Asubuhi hiyo choo yetu ilikuwa imerudisha uchafu mpaka hapa." Akaonyesha kizingiti cha choo kwa mwiko. "Ni Maweu alimpigia Mureithi simu. Alimwambia, mzee, si uambie caretaker afungulie, mvua iko karibu. Sasa nitaenda kwa chifu kusema nini? Mume wangu alihepa mavi yake mwenyewe?"

Nyakio akamuuliza, na Gideon je? Ann akafunika chupa ya uji, akaikaza. Akasema kwamba Gideon ni kijana, atatoka, lakini nyonga haitoki dukani. Mureithi akiacha kulipa, Maweu atalala kitandani huko mpaka aoze. Akasema yeye si mtu mbaya. Kisha akamwomba Nyakio, kwa heshima yote, asirudi kwake na maneno hayo tena.

Nyakio alirudi chumbani kwake, akafunga pazia, akakaa gizani ingawa ilikuwa mchana. Bedan akaingia, akasimama. Hawakugombana. Nyakio alimweleza tu alichosikia kwa Ann, chote, na alipomaliza Bedan akaketi sakafuni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile, kabla ya kwenda kwa Maweu, alifunga koki kwanza. Alikuwa hajamwambia mtu. Nyakio hakumfariji. Lakini jioni hiyo alilichukua lile shati, akaliloweka.

Jumatatu mchana paliitishwa mkutano wa wakaaji kuhusu usalama wa njia, chini ya chifu msaidizi. Mureithi ndiye aliyetoa tenti na viti. Tenti ilipigwa juu ya njia yenyewe, mbele ya geti, ikafunika kabro kutoka ukutani hadi lami. Kwa hiyo muda wote watu walipokuwa wakizungumza juu ya haki ya mtembea kwa miguu, watembea kwa miguu walizunguka kwenye lami, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni nusura akumbwe na lori. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona.

Chifu msaidizi akasalimu kwa Kimaasai, "Sopa," na Wakikuyu, Wakamba na Wasomali wote wakaitikia "Ipa" kama watu waliozaliwa Wamaasai. Mureithi akasimama, akasimulia yaliyompata Maweu kwa sauti ya mazishi, akapendekeza vyuma vichomekwe kila mwanzo wa njia ili pikipiki zisipite. Wakapiga makofi. Waendeshaji wa boda boda hawakuwepo, hawakualikwa. Apondi alisimama nyuma ya tenti, juani. Kisha Mureithi akamwita shahidi wake.

Bedan alivaa lile shati. Alisimama akaishika meza kwa mikono miwili.

"Ile siku pikipiki haikuwa hapa," akasema. "Ilikuwa kwa lami. Hapa hakukuwa na pahali pa kupita, kulikuwa na maji ya choo. Ni mimi nilifungua. Bomba liko nyuma ya huo ukuta, mzee alinipigia simu nikafungua, na si mara ya kwanza. Ijumaa nilidanganya polisi."

Mureithi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema kwamba Bedan ana matatizo, amekuwa akimvumilia, na shetani humtumia mtu dhaifu. Akaomba wapangaji waseme wenyewe. Chifu msaidizi akauliza nani aliyeona maji hayo.

Mpangaji wa ghorofa ya pili akasema alikuwa amelala. Hilowle, ambaye duka lake linatazama bomba uso kwa uso, akasema alikuwa msikitini, ingawa swala ya alasiri ilikuwa imeshapita na ya magharibi bado. Mwanamke mwingine akasema mvua ilikuwa nyingi, na maji ni maji. Mwishowe Ann akasimama bila kuitwa.

"Mimi ndiye niko na mgonjwa," akasema. "Hii ploti haina bomba ya kumwaga choo. Sijawahi kuona. Hiyo siku hata mvua haikuwa imefika hapa. Njia ilikuwa kavu."

Watu waliokuwa wamelowa Alhamisi ile mpaka nguo za ndani wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa kavu, mmoja akasema. Kavu kabisa, mwingine akaongeza, kana kwamba walikuwa wanatoa mchango kila mtu kwa uwezo wake. Nyakio alisimama pembeni akiwatazama mmoja mmoja, watu aliowasalimu kila asubuhi. Chifu msaidizi akasema maneno ya polisi yapelekwe kwa polisi. Mkutano ukafungwa kwa maombi na soda.

Bedan hakungoja soda. Alitoka moja kwa moja kwenda kituoni, Nyakio pembeni yake, Apondi nyuma yao. Afisa aliyewapokea alisikiliza bila haraka. Alimkumbusha Bedan kwamba Ijumaa alisema jingine, na kudanganya polisi ni kosa. Akauliza bomba ni la nani. La Mureithi. Mureithi alikuwa wapi saa hiyo? Alikuwa kwake. Aliandika mahali popote kwamba lifunguliwe? Hapana, alipiga simu.

"Na mkono ulioshika koki ni wa nani?"

"Ni wangu," Bedan akasema.

Afisa akaandika. Akamwomba avue mshipi na viatu.

Gideon aliachiliwa saa moja baadaye. Alitoka uso umevimba, jicho moja limefungika, akapita karibu na Nyakio bila kumsalimu, na Nyakio hakumlaumu. Apondi alisimama kidogo kama anayetafuta neno. Akasema, "Haya, mama," akamfuata mwanawe.

Nyakio aliporudi ploti alikuta ujumbe umeachwa kwa mdomo wa mpangaji: mzee amesema chumba kinahitajika, jioni anakuja mtunza ploti mwingine. Hakulia. Alishusha pazia, akafunga sufuria ndani ya shuka, akaanza kukunja godoro. Angeenda Tuala kwa dada yake usiku huo, kesho arudi kituoni na chakula. Nje wingu lilikuwa limeshuka, na upepo wa mvua ulikuwa unapiga mabati.

Mlango ukabishwa. Ilikuwa Ann, gauni ameinua hadi magotini, miguu imelowa.

"Mama, choo imerudisha tena. Imeshafika kwa carpet. Nimempigia mzee, hashiki simu, na Bedan hayuko." Akapunguza sauti. "Wewe si unajua koki iko wapi? Mvua ndiyo hiyo inakuja."

Nyakio akakaza kamba ya godoro, akaifunga fundo.

"Koki gani, Ann?"

"Ile ya nyuma. Ya bomba."

"Ulisema mbele ya chifu hii ploti haina bomba. Mimi nilikuwa hapo, nilikusikia." Nyakio akanyanyua godoro, akalitia begani. "Sasa unataka nifungue nini?"

Nyuma ya Ann, kutoka mlango wa tatu, maji ya rangi ya chai yalikuwa yameanza kutambaa kwenye korido, taratibu, yakifuata mteremko wa sakafu. Wapangaji wa juu wakajitokeza kwenye reli kuchungulia yanaelekea kwa nani, na walipoona hayaelekei kwao wakarudi ndani. Nyakio akayaruka, akatoka getini. Ghorofa ya tatu mtu akavuta maji ya choo.